Mapacha wa Fomu

Jumatano, saa nane mchana, Mama Twiga alikunja shuka la mwisho. Alilikunja mara nne, akalinyoosha kwa kiganja, akaliweka juu ya rundo. Tangu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka ya hospitali yakitoka kwenye mashine huwa mazito kama mtu. Vidole vyake vilikuwa vimekauka kwa sabuni. Miguu ilikuwa imevimba.

"Nenda kalale," aliambiwa na mwenzake wa mashine ya kukaushia.

"Kulala? Leo ni Jumatano. Leo mimi ni mama wa wanamichezo."

"Basi kalale uwanjani."

"Ndivyo ninavyofanya."

Walicheka kidogo. Hawakuwa na nguvu za kucheka sana.

Mama Twiga alivua aproni, akatembea dakika ishirini hadi shuleni. Binti zake wawili walikuwa wanamsubiri langoni. Wa kwanza alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mrefu, mwili wote miguu, na mtaa mzima ulimwita Twiga. Wa pili alikuwa na miaka kumi. Kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, aliitwa Kitinda. Akisimama karibu na dada yake, kichwa chake hakikufika begani.

Lakini kwenye karatasi za mpira, Twiga na Kitinda walikuwa mapacha.

Ilikuwa hivi. Miezi miwili nyuma, mpango wa mpira wa mtaa ulifungua uandikishaji. Watoto waligawanywa kwa umri. Wenye miaka kumi na chini yake walicheza Jumanne na Alhamisi. Wenye miaka kumi na mmoja hadi kumi na mitatu walicheza Jumatano na Jumamosi. Ratiba ilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi, nyuma yake kuna uwanja.

Mama Twiga alifika pale moja kwa moja kutoka kazini. Aliisoma ratiba akiwa ameegemea ukuta. Alihesabu kwa vidole. Jumanne na Alhamisi alikuwa kazini hadi jioni. Baba Twiga alikuwa mwokaji mikate. Alioka usiku na kulala mchana. Ukimwamsha saa tisa alasiri, alikuuliza kama ni kesho. Kwa hiyo nani angempeleka Kitinda?

Alichukua kalamu. Kwenye fomu ya Twiga aliandika tarehe ya kuzaliwa ya Twiga. Kwenye fomu ya Kitinda aliandika tarehe hiyohiyo. Siku, mwezi, mwaka. Aliunganisha safari mbili kuwa moja, kama mtu anayebeba ndoo mbili ili asirudi tena bombani. Hakuona kwamba amemdhulumu mtu.

Nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu. Karani alitazama fomu, akapiga muhuri.

"Nakala za vyeti vya kuzaliwa utaleta."

"Nitaleta," alisema Mama Twiga. Hakuleta.

Alipofika nyumbani alimfundisha Kitinda. "Ukiulizwa una miaka mingapi, sema kumi na miwili."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu mama amechoka."

Mtoto hakuuliza tena.

*

Jumatano ile walifika uwanjani saa tisa na nusu. Mwanamke mmoja alikuwa anasukuma kigari cha chokaa kwenye mstari wa pembeni. Alikuwa ndiye mtunza uwanja. Kwa miaka tisa alikuwa anachora mistari ile, na viatu vyake vilikuwa vyeupe hata siku za harusi. Watu walimwita Mama Chokaa. Aliishi nyumba moja na akina Mama Twiga, yeye chini, wao juu.

"Mama Twiga! Mapacha hawajambo?"

"Hawajambo, dada."

"Mmoja ulimzaa asubuhi, mwingine jioni, eh? Maana huyu wa jioni alikuta sufuria imeoshwa."

Wazazi waliokaa kwenye ngazi za ukumbi walicheka. Mama Twiga alicheka baada yao. Kisha akakaa, akavua viatu, akafumba macho.

Aliyafumbua aliposikia kinyozi wa mtaa akimpigia kelele binti yake. "Piga! Piga wewe! Unauangalia mpira kama mgeni aliyekuja bila taarifa!"

Kocha aligeuka. Alikuwa mpeleka barua wa posta, na ukocha aliufanya kwa kujitolea. "Wazazi wangu, jamani. Sauti moja uwanjani inatosha."

Ilitosha kwa dakika mbili. Kisha Mama Twiga mwenyewe alimwona Kitinda akibaki nyuma ya wenzake wote. Alikuwa anakimbia kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita kwenye changarawe ya moto.

"Kimbia, Kitinda!" alipaza sauti. "Hiyo miguu umekodi?"

Wakati wa mapumziko Kitinda alikuja kunywa maji. "Mama, kisigino kinauma."

"Si Jumatano iliyopita pia kiliuma?"

"Na Jumamosi."

"Basi hicho ni kisigino chenye ratiba."

Kitinda aliinamisha uso kwenye chupa ya maji. Twiga alisema, "Mama, wenzake hawampi pasi. Wanasema ni katoto."

"Aombe pasi. Ana mdomo."

"Haongei na mtu, mama. Hata akisalimiwa, anaitikia kwa kichwa."

"Uvivu una njia nyingi," alisema Mama Twiga. Alikuwa amechoka, na jibu lile ndilo lililokuwa karibu.

Mama Chokaa alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anajaza chokaa kwenye kigari. Hakusema neno. Lakini Kitinda aliporudi uwanjani, macho ya Mama Chokaa yaliufuata mguu wa kulia wa mtoto yule. Kisigino hakikugusa chini.

*

Jumamosi mwenzake wa mashine ya kukaushia aliugua. Msimamizi alimwita Mama Twiga kazini. Watoto walikwenda mechini wenyewe, wameshikana mikono.

Saa tano asubuhi msimamizi alimpungia simu kutoka mlangoni. Mama Twiga alifuta mikono, akaipokea.

"Kocha hapa. Mama Twiga, njoo zahanati. Kitinda ameanguka. Sidhani kama mfupa umevunjika, ila hawezi kukanyaga."

Alikwenda na aproni yake. Hakukumbuka kuivua.

Zahanati ilikuwa na benchi moja, mizani moja, na pazia la kijani. Kitinda alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kupimia, mguu umenyooshwa. Twiga alikuwa amesimama kando, fulana imejaa matope. Kocha alikuwa ameshika faili la plastiki. Ndani yake kulikuwa na fomu za watoto wote wa timu.

Muuguzi alikuwa mama mwenye miwani. Alimpima Kitinda uzito kwa mguu mmoja, huku amemshika kwapani. "Kilo ishirini na saba," alisema. Alimpima na urefu. Kisha akasoma fomu aliyopewa na Kocha. Alisoma tena.

"Miaka kumi na miwili?"

Alimtazama Mama Twiga juu ya miwani.

"Mama, mtoto huyu anakula?"

"Anakula."

"Amewahi kuugua muda mrefu? Kuhara? Homa zisizoisha? Dada yake huyu mkubwa ana miaka mingapi?"

"Kumi na miwili," alisema Twiga, kisha akauma mdomo.

"Mapacha?" Muuguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alivua miwani. "Mama, sikutishi. Lakini mapacha wakipishana hivi, lazima tujue kwa nini huyu mmoja hakui. Nitamtoa damu sasa. Kisha nitamwandikia barua aende hospitali kubwa apimwe zaidi."

Alivuta trei. Sindano ilikuwa ndani ya karatasi yake. Aliichana karatasi.

"Mama," alisema Kitinda. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitolewe damu kwa sababu ya kisigino?"

Mama Twiga aliitazama ile sindano. Angeweza kunyamaza. Damu kidogo, barua, safari ya hospitali kubwa, na siri ingebaki siri. Alimtazama mtoto. Kitinda alikuwa anamtazama yeye, anangoja kujua aseme nini.

"Ana kumi," alisema Mama Twiga.

"Kumi nini?"

"Miaka. Ana miaka kumi. Si mapacha. Niliandika mimi."

Muuguzi alirudisha sindano kwenye trei. Alikata mstari kwenye daftari lake, akaandika upya.

"Kwa miaka kumi, uzito huu ni wa kawaida," alisema. "Urefu pia. Mtoto hana upungufu wowote. Nilikuwa nakaribia kumtafutia ugonjwa ambao haupo."

Kisha alishika kisigino cha Kitinda, akakibana pembeni kwa vidole viwili. Kitinda aliruka.

"Sikiliza, mama. Mfupa wa kisigino wa mtoto bado unakua. Nyuma yake kuna sehemu ambayo haijawa ngumu. Mtoto akikimbia kupita kiasi, kano ya mguu huivuta sehemu hiyo kila hatua. Inavimba ndani na kuuma. Huonekana sana kwa watoto wa umri huu wanaocheza. Dawa kubwa ni kupumzika. Asikimbie hadi atembee bila kuchechemea. Mwekee kitambaa cha maji baridi robo saa, mara mbili kwa siku. Viatu viwe na soli laini. Kisigino kikivimba na kuwa chekundu, au akipata homa, au maumivu yakimwamsha usiku, mrudishe upesi."

"Ataweza kucheza tena?"

"Ataweza. Hili hupita. Limeanza lini?"

Mama Twiga alikitazama kile kisigino. "Wiki nyingi. Aliniambia."

Nje ya mlango Kocha aliirudisha fomu kwenye faili. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Mama Twiga, karatasi hii ndiyo ninayoibeba mtoto akianguka nawe hupo. Haina kazi nyingine kubwa kuliko hiyo. Naibeba nikijua inasema kweli."

"Nisamehe, Kocha."

"Si mimi wa kuamua. Nenda ofisini kwa mratibu wa mpango." Alivaa kofia yake ya posta, akaondoka.

*

Nyumbani Baba Twiga alikuwa ameamka. Alisikiliza yote akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, unga bado uko kwenye nyusi.

"Waache mpira, yaishe," alisema. "Mpira ni duara kama mkate, ila hauliki. Sisi tumechoka. Wao wamechoka. Nani anataka nini hapa?"

"Mimi nataka!" Twiga aliruka. "Baba, mimi ni beki! Timu inanitegemea!"

"Na wewe?" Mama Twiga alimuuliza Kitinda. "Wewe hukuupenda tangu mwanzo."

Kitinda alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa chenye maji baridi kwenye mguu.

"Mimi siuchukii mpira," alisema. "Nimechoka kuwa pacha."

"Maana yake nini?"

"Wakiniuliza niko darasa la ngapi, nisemeje? La nne? Watajua. Wakiniuliza siku yangu ya kuzaliwa? Kwa hiyo sisemi kitu. Nikinyamaza hawaulizi."

Baba Twiga alimtazama mkewe. Mama Twiga aliutazama mlango. Kwa miezi miwili alidhani mtoto wake ni mzito wa maneno. Kumbe mtoto alikuwa anafanya kazi aliyopewa, na aliifanya vizuri kuliko wao wote.

*

Jumapili jioni alishuka ngazi na kubisha hodi kwa Mama Chokaa. Alimkuta barazani, anaosha kamba za kupimia uwanja ndani ya beseni. Vigingi vya mbao vilikuwa vimeanikwa ukutani.

"Dada, nimekuja kuuliza."

"Umeanza kwa kujibu, sasa ndiyo unauliza. Haya, kaa."

Mama Twiga alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Watawafukuza wote wawili?"

"Sijui. Mimi nachora mistari, hukumu si zangu. Lakini nimekaa pale miaka tisa. Ninachokijua nitakuambia."

"Kwa nini umri wanaukazania hivyo? Ni mpira wa watoto tu."

"Kwa sababu ni wa watoto. Mtoto wa miaka kumi akigongana na wa kumi na mitatu, hiyo ni baiskeli na pikipiki. Halafu mazoezi yenyewe hayalingani. Wakubwa wanakimbia mbio ndefu, wadogo wanacheza zaidi na mpira mguuni. Kisigino cha Kitinda kimefanya kazi ya mtu mwingine."

"Lakini nimewahi kumwona mtoto mdogo anacheza na wakubwa."

"Binti wa fundi viatu. Ndiyo. Mama yake aliomba. Kocha alimtazama yule mtoto wiki mbili, akaona anaweza. Mama akatia saini. Tarehe ya kuzaliwa ilibaki palepale, ya kweli. Na siku mtoto akisema amechoka, anarudi kwa wadogo. Ndivyo taratibu zinavyosema."

Mama Twiga alijisogeza kwenye ndoo. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo ningeweza kuomba?"

"Ungeweza. Labda wangekubali, labda wangekataa. Lakini usingehitaji kuzaa upya."

"Na kama wangekataa? Nani angempeleka Jumanne na Alhamisi?"

"Msafara."

"Msafara gani?"

Mama Chokaa aliacha kamba ndani ya maji. "Mlangoni kulikuwa na karatasi mbili, mdogo wangu. Moja ya ratiba, moja ya msafara. Uliisoma ya pili?"

"Nilikuwa nimechoka, dada."

"Wote pale walikuwa wamechoka. Kinyozi amechoka, fundi viatu amechoka. Ndiyo maana msafara upo. Wazazi wa mitaa hii mitatu wamegawana siku. Mzazi mmoja anawachukua watoto shuleni, anawapeleka uwanjani. Mwingine anawarudisha. Kila mmoja ana siku yake moja au mbili, basi. Wewe Jumatano unatembea tu, unaenda na wawili. Ungeweza kwenda na saba."

"Na mtu nisiyemjua amchukue mwanangu?"

"Hapo ndipo umeuliza la maana. Majina yameandikwa. Kocha hamkabidhi mtoto kwa mtu ambaye hayumo kwenye orodha, hata akija shangazi yake wa damu analia. Na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja. Ukiona mahali pengine hawafuati hivyo, usimpeleke mtoto. Nenda ujuane na hao wenye majina kwanza. Wazazi wenyewe ndio hao unaokaa nao kwenye ngazi ukiwa umefumba macho."

Mama Twiga alitabasamu kwa shida. "Sasa nifanye nini?"

"Kesho ofisi inafunguliwa saa kumi na moja jioni. Nenda huko. Usimfuate Kocha katikati ya mazoezi. Pale ana watoto ishirini na mbili, hawezi kukusikiliza. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, na karatasi ya muuguzi. Ukifika, anza na lile baya. Usizunguke. Mficha uchi hazai."

"Nitaaibika."

"Utaaibika. Aibu ya ofisini ni ya dakika kumi." Mama Chokaa alikamua kamba. "Na jambo moja zaidi, usinichukie. Mtoto akisema kinauma, mwangalie kwanza, mzaha baadaye. Nilimwona anatembea kwa vidole Jumatano. Nami nilinyamaza. Hilo ni langu, na limenikaa."

*

Jumatatu Mama Twiga alisimama mbele ya meza ya mratibu. Mratibu alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya chini. Karani alikaa pembeni na muhuri wake.

"Nilidanganya umri wa mtoto wangu mdogo," alisema Mama Twiga. Kisha akaweka vyeti mezani.

Mratibu alisoma kila karatasi hadi mwisho. Aliuliza maswali matatu tu: kwa nini, nani mwingine alijua, na mtoto anaendeleaje. Alijibiwa.

"Kitinda aliingia uwanjani katika mechi mbili," alisema mratibu. "Timu ilishinda zote mbili. Matokeo hayo yatafutwa. Timu nyingine zilifuata taratibu. Twiga hana kosa, atabaki. Kitinda atajiunga na kundi lake akishapona, muuguzi akiandika kwamba yuko tayari. Na wewe utawaeleza wazazi wa timu mwenyewe. Sitaki wasikie kwa uvumi."

"Sawa."

"Na mimi," alisema karani, uso umemshuka. "Nilipiga muhuri bila kuona cheti. Nalo liandikwe."

Mratibu aliliandika.

Mama Twiga aligeuka kuondoka, kisha akarudi. "Samahani. Karatasi ya msafara iko wapi?"

Jumatano aliwaeleza wazazi. Alisimama kwenye ngazi ya chini na kusema yote kwa sentensi nne. Mke wa fundi viatu aliguna. Kinyozi akasema, "Mwenzetu alitaka kuzaa mara moja awahi nyumbani!" Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Mama mmoja alisema kwa hasira kwamba binti yake alifunga bao katika mechi iliyofutwa, na sasa bao limekwenda na maji. Mama Twiga hakujitetea. Alisema, "Ni kweli. Ni mimi." Kisha akaomba Jumatano iwe siku yake ya msafara.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani. Twiga hakuzungumza naye siku tatu. Alikula amegeuza kiti. Siku ya nne alikuja jikoni na kusimama.

"Tumeshuka hadi nafasi ya tano, mama."

"Najua."

"Tulikuwa wa pili."

"Najua, mwanangu."

Twiga alichukua kitambaa cha maji baridi, akakikamua, akampelekea mdogo wake. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yao.

*

Kitinda alipumzika wiki nne. Wiki ya kwanza alichechemea. Wiki ya pili alichechemea asubuhi tu. Wiki ya nne muuguzi alikibana kile kisigino kwa vidole viwili, na mtoto hakuruka. "Aanze kidogo kidogo," aliandika. "Nusu ya muda kwa wiki mbili za kwanza. Kikiuma, asimame."

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya kinyozi kuongoza msafara. Aliwachukua watoto sita langoni mwa shule, Kitinda akiwa wa saba. Mama Twiga alikuwa kazini. Saa tisa na nusu alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na nusu alitazama tena. Simu ya msimamizi haikulia.

Alifika nyumbani jua limeshazama. Alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, hata viatu hakuvivua. Kitinda alikuwa anamsubiri, soksi zimejaa vumbi.

"Kisigino?" aliuliza mama.

"Kimya. Mama, waliniuliza niko darasa la ngapi. Nikasema la nne."

"Wakasemaje?"

"Wakasema na wao la nne! Wote, isipokuwa mmoja wa la tatu. Anaitwa Pilipili. Mama, Pilipili ni mfupi kuliko mimi! Nilimpa pasi akanirudishia, nikampa akanirudishia, halafu beki akaja, mimi nikamwambia Pilipili, nipe hapa, nipe hapa..."

Alisimama katikati ya maneno. Mama Twiga alikuwa amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo.

Kitinda alimtazama. Kisha akageuka kumtafuta mtu mwingine. Baba Twiga ndiyo kwanza ametoka chumbani, anajikuna shingo, saa mbili kabla ya kwenda kwenye tanuri lake.

"Baba, nilikuwa namwambia mama, akalala."

Baba Twiga alivuta kiti. "Sema polepole, usimwamshe," alisema. "Na anza mwanzo. Huyo Pilipili ni nani?"